Kamera na giza la jioni

Tukishauza kahawa, baadhi yetu hapa Maguu hutaka kununua kamera ili wapige picha za harusi wapate fedha. Usitoe fedha yako kabla ya kusoma hapa.

Kamera za siku hizi nyingi hazitumii filamu. Ndani yake kuna kibao kidogo kinachopokea mwanga. Kinaitwa kihisi. Wengine husema sensa, lakini si ile ya kuhesabu watu!

Weka beseni na kikombe uani wakati wa manyunyu. Beseni litapata maji, kikombe kitapata matone machache tu. Mwanga nao ni hivyo hivyo. Katika kamera kubwa za mafundi, kihisi kinaweza kuwa milimeta 36 kwa 24, sawa na picha moja ya filamu ya zamani. Katika kamera nyingi za mfukoni ni kama milimeta 6 kwa 5 tu. Yaani kile kikubwa ni karibu mara 30.

Mchana wa jua hutaona tofauti kubwa, maana mvua kubwa hujaza hata kikombe. Lakini harusi zetu huendelea mpaka usiku. Hapo kihisi kidogo hutoa picha yenye chengachenga, na uso wa bibi harusi hauonekani vizuri.

Muuzaji atakutajia megapikseli. Hizo ni hesabu ya nukta za picha, siyo ukubwa wa kihisi. Wewe muulize, "Kihisi kina milimeta ngapi?" Kama hajui, omba upige picha moja kwenye kona ya duka yenye giza, kisha uikuze uitazame.