LUDARA: MAJIRANI WA NCHI TATU

Katika pembe ya kaskazini-magharibi ya Uganda, pale mpaka wetu unapokutana na ule wa Sudani Kusini na ule wa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, iko Wilaya ya Koboko. Na miongoni mwa gombolola zake, pamoja na Lobule, Midia na Kuluba, iko Ludara. Askari anayepelekwa huko kwa mara ya kwanza huikuta Ludara katika ramani kama jina dogo karibu na mistari ya mipaka. Makala haya yanakusudia kumweleza askari huyo yaliyo nyuma ya jina hilo: nchi ilivyo, wananchi walivyo, na kwa nini wananchi hao, kabla ya kumwitikia salamu, humtazama kwanza mtu aliyevaa sare.

ARDHI NA MAJI

Kutoka Arua hadi mji wa Koboko ni mwendo wa kilomita zipatazo 55 kuelekea kaskazini. Barabara hiyo, ambayo siku hizi ina lami, ni sehemu ya njia kuu yenye urefu wa kilomita 92, ianziayo Vurra katika mpaka wa Kongo na kuishia Oraba katika mpaka wa Sudani Kusini. Kwa maneno mengine, njia moja inafungua milango miwili ya nchi.

Nchi yenyewe ni ya miinuko, zaidi ya mita 1,000 juu ya usawa wa bahari. Mvua hunyesha tangu Aprili hadi Novemba, kisha kiangazi hushika toka Desemba hadi Februari, nyasi zikakauka na vijito vikapungua. Mlima Liru ndio alama kuu ya sehemu hizo. Hata majirani zao Walugbara, ambao si wa asili moja na Wakakwa, husimulia kuwa shujaa wao Jaki alifia katika Mlima Liru, na mwenzake Dribidu katika Mlima Eti. Hivyo mlima ulio katika nchi ya Wakakwa umo pia katika asili ya Walugbara.

Mpaka wa Uganda na Kongo katika sehemu hizi hauna mto wala ukuta. Unafuata mgongo wa ardhi unaogawa maji. Mvua inayoangukia mashariki ya mgongo huo huteremka hadi Mto Nile na mwisho wake ni Bahari ya Kati. Ile inayoangukia magharibi huingia katika Mto Kibali, kisha Uele, kisha Ubangi na Kongo, hata ikafika Bahari ya Atlantiki. Maji yanajua kugawanyika. Lakini watu wanaoishi juu ya mgongo huo hawakugawanyika hata kidogo.

WENYEJI NA RIZIKI YAO

Wenyeji wa Ludara ni Wakakwa hasa. Lugha yao ni ya jamii moja na Kibari cha Sudani Kusini, na ndugu zao wako Yei kwa upande mmoja na katika eneo la Aru, Kongo, kwa upande wa pili. Kwa kuwa wanaoana na Walugbara na kufanya biashara na kila anayepita, si ajabu kumkuta mtu mmoja akisema Kikakwa nyumbani, Kilugbara kwa wakwe zake, Kinubi mjini, Lingala kwa wachuuzi wa Kongo na Kiswahili kwa askari.

Riziki yao ni jembe. Hulima muhogo, mtama, mahindi, maharage, karanga na ufuta. Na kwa miaka mingi tumbaku ilikuwa zao la fedha katika West Nile nzima. Mbuzi na kuku hufugwa karibu kila mji. Siku za soko wanawake hutwaa mizigo yao kichwani na kuelekea kunakouzika, kama vile Salia Musala, mahali zinapokutana nchi zote tatu.

Kwa upande wa dini, Waislamu ni wengi katika Koboko, wakiishi pamoja na Wakatoliki na Waanglikana. Jambo hili ni la kuangaliwa, kwani katika Uganda nzima hesabu ya mwaka 2014 ilionyesha kuwa Waislamu ni asilimia 13.7 tu. Walio wachache katika taifa ni wengi katika pembe hii. Na katika ukoo mmoja si shida kumkuta kaka anayeswali msikitini na ndugu yake anayekwenda kanisani, wakakutana katika matanga na arusi zile zile.

BENDERA TATU JUU YA UWANJA MMOJA

Mwaka 1894 Waingereza walimkodisha Mfalme Leopold wa Ubelgiji sehemu iliyoitwa Lado, na nchi ya Koboko ikiwa ndani yake. Leopold alipofariki mwaka 1909, mkataba ulikoma, na mwaka 1910 sehemu hiyo ikarudishwa chini ya Sudani. Mwaka 1914 kusini yake ikakatwa na kutiwa katika Uganda, makao ya serikali yakawekwa Arua. Mzee aliyezaliwa mwaka 1900 aliona bendera tatu zikipandishwa kabla hajatimiza miaka 15, naye hakuhama uwanja wa baba yake. Wakuu wa nchi za Afrika walipokubaliana mjini Cairo mwaka 1964 kuiheshimu mipaka iliyoachwa na wakoloni, mistari ile ikathibitishwa. Nasi askari tukakabidhiwa kazi ya kuilinda.

NCHI YA ASKARI

Historia ya sehemu hii haitengani na historia ya jeshi. Majeshi ya Emin Pasha, Gavana wa Ikweta tangu mwaka 1878, yalikatiwa njia na vita vya Mahdi. Mwaka 1891 Kapteni Lugard aliwachukua wengi wa askari hao kutoka Kavalli, na wao ndio waliokuwa msingi wa jeshi la kikoloni katika Uganda, ambalo mwaka 1902 liliingizwa katika King's African Rifles. Watoto na wajukuu wao ndio Wanubi: watu wa makabila mengi waliounganishwa na Uislamu, lugha ya Kinubi na kazi ya bunduki. Kakwa au Mlugbara aliyesilimu, akajua Kinubi na kukaa mjini, aliweza kuhesabiwa Mnubi. Katiba ya Uganda ya mwaka 1995 inawataja Wanubi miongoni mwa wenyeji wa nchi.

Serikali ya kikoloni iliifanya West Nile kuwa ghala la watu: wengine walikwenda kukata miwa Kakira na Lugazi, wengine walichukuliwa jeshini. Mmoja wa walioingia King's African Rifles mwaka 1946 alikuwa Idi Amin, ambaye baba yake alikuwa Mkakwa wa Koboko. Alipotwaa serikali mwaka 1971, watu wa sehemu hizi walipata vyeo vikubwa jeshini. Kiswahili nacho, lugha ya kambini, kikatangazwa kuwa lugha ya taifa mwaka 1973.

Serikali hiyo iliyoua raia wengi ilianguka tarehe 11 Aprili 1979, na deni lake likapelekwa kwa wasiolikopa. Mkulima wa Ludara ambaye hakuwahi kuiona Kampala alihesabiwa mtu wa Amin kwa sababu ya lugha yake, dini yake au alama tatu za chale shavuni. Wahenga walisema samaki mmoja akioza, wote wameoza. Katika hukumu ya watu, methali hiyo imeua wengi.

Mwezi Oktoba 1980 askari wa zamani waliingia kutoka Sudani, na jeshi la serikali ya wakati huo lilipojibu halikutofautisha mpiganaji na raia. Tarehe 24 Juni 1981 watu waliojikinga katika misheni ya Ombaci, karibu na Arua, waliuawa na askari wa serikali yao. Zaidi ya watu 200,000 wa West Nile walikimbilia Sudani na Zaire, na vijiji vya Koboko vikabaki vichaka. Walirudi kidogo kidogo katika miaka ya 1980 wakaanza upya. Katika miaka ya 1990 wakaingia tena katikati ya bunduki, hadi mapatano ya tarehe 24 Desemba 2002 mjini Yumbe kati ya serikali na kundi la UNRF II yalipofunga ukurasa huo.

MGENI NA MWENYEJI

Waliokuwa wakimbizi sasa ni wenyeji. Mwaka 2013 kambi ya Lobule ilipokea watu kutoka Kongo. Mwaka 2016 vita vilipofika Yei, Wakakwa wa huko walivuka kwa maelfu, na katika Wilaya ya Yumbe jirani ikafunguliwa Bidi Bidi, iliyopokea zaidi ya watu 200,000. Mzee wa Koboko aliyepewa shamba Yei mwaka 1981 aliweza kumkuta mlangoni pake mtoto wa yule aliyempa. Deni la namna hiyo halikuandikwa popote, lakini limelipwa.

LINALOTUPASA

Ndugu askari na polisi, mpaka ni lazima ulindwe. Silaha zimepita huko, na mafuta ya magendo katika majerikani pia. Sheria haimwachi mhalifu kwa sababu ana mjomba ng'ambo. Lakini mama mwenye kikapu cha muhogo anayekwenda kumzika dada yake hatua mia mbili mbele si adui wa taifa, na anayemfanya adui humkosesha askari habari za adui wa kweli. Katika mpaka usio na mto wala ukuta, wa kwanza kumwona mgeni mwenye nia mbaya ni mkulima aliye shambani mwake. Atasema au atanyamaza, kwa kadiri alivyotendewa na mwenye sare.

Kumbukeni pia lugha mnayoitumia. Kwa wazee wengi wa Koboko, Kiswahili ni lugha waliyoamriwa nayo kulala chini, na ni lugha ile ile baba zao waliyorudi nayo kutoka Burma wakiwa na nishani. Ipo tayari kutumika kwa yote mawili. Anayefika Ludara na aanze kwa salamu, amwulize mzee habari za mvua na za watoto, kisha ndipo aombe kitambulisho. Kazi itachukua dakika chache zaidi, na mpaka utapata mlinzi mmoja zaidi asiyelipwa mshahara.