Tulale Wapi Mjini? Kweli na Uongo Unaosemwa Madogo

Shule zikifungwa, au Idi ikikaribia, hapa Madogo, ng'ambo ya mto Tana kutoka Garissa, mjadala huwa ni uleule: tukienda Nairobi au Mombasa na watoto, tulale wapi? Kila mtu ana jibu, na majibu mengi yametoka kwa msafiri aliyekwenda peke yake, na begi moja, bila mtoto mgongoni. Tuyapime.

“Aliye na jamaa Eastleigh, Nairobi, hana haja ya gesti.”

Uongo, na wanaosema hivyo aghalabu si wale jamaa wenyewe. Watu sita wakiingia nyumba ya vyumba viwili, ghorofa ya nne, ambako maji hupandishwa kwa mitungi, mwenyeji hatalalamika. Atapika, atatandika magodoro sebuleni, na yeye atajibanza panapobaki. Lakini mgeni mwenye adabu haendi mikono mitupu. Jumlisha sukari, mchele, maziwa na cha watoto kwa siku tatu, uone umebakisha ngapi kufikia bei ya chumba. Mimi nasema lala gesti, ukale chakula cha mchana kwa shangazi. Atafurahi zaidi kukuona.

“Eastleigh ni ya kununua nguo, si ya kulala.”

Uongo mtupu. Biashara yenyewe ya Eastleigh ilikulia gesti: Garissa Lodge ilikuwa nyumba ya wageni, wafanyabiashara wakawa wanauzia bidhaa vyumbani walimolala, na kufikia miaka ya 1990 vyumba vikageuzwa maduka. Majumba ya maduka unayoyaona leo yalifuata nyayo hizo.

Kwa familia ya kwetu, mtaa huu una faida zake. Mabasi ya Garissa hushusha huko, hivyo hutafuti teksi usiku na watoto wanaosinzia. Chakula halali hukiulizii. Matatu za namba 6 na 9 zinakupeleka katikati ya jiji. Ubaya wake ni kelele, basi omba chumba cha nyuma, kisichotazama barabara. Kabla ya kulipa, panda ukakione: fungua bomba la bafuni, vuta maji ya choo, jaribu soketi. Karani akikuambia maji yatakuja jioni, mshukuru, shuka ngazi.

Ila kama safari ni ya Hospitali ya Kenyatta, hesabu inageuka. Hospitali iko upande wa pili wa jiji, na mwenye kliniki ya asubuhi akitoka Eastleigh atapambana na msongamano wa magari akiwa na mgonjwa. Mwenye miadi na daktari atafute chumba upande wa hospitali, hata kama mtaa wenyewe hauna maduka ya kuringia. Mahali pazuri ni karibu na pale mtakapokwenda kila asubuhi, iwe katikati ya jiji au la.

“Chumba cha bei ya chini ndicho nafuu.”

Hapa ndipo pesa nyingi hupotea. Tuseme gesti ya pembeni ni shilingi 1,800 na ya karibu ni 2,500. Unaona umeokoa 700. Mko sita, wawili mnawapakata, nauli za kulipa ni nne. Kwa shilingi 80 kwenda na 80 kurudi, siku moja imekula 640. Mvua ikinyesha nauli ifike 100, inakula 800, na hapo hamjarudi mchana kumlaza mdogo. Gesti ya bei rahisi imekuwa ghali kabla ya chakula cha jioni.

Uliza pia kama bei ni ya chumba au ya kichwa, na kama kodi imo ndani. Uliza saa ya kutoka. Gesti nyingi hutaka chumba saa nne asubuhi, na basi lenu huenda ni la baadaye. Isiyokubali kuwawekea mizigo mapokezi itawalazimisha kuzunguka mji na masanduku.

“Watoto hulala bure.”

Nusu kweli. Wadogo wanaolala kitanda cha wazazi mara nyingi hawalipiwi, lakini kila nyumba ina umri wake wa mwisho, na godoro la ziada huwa na bei yake. Maliza mazungumzo hayo kwa simu kabla hamjapanda basi.

“Nyota nyingi, usumbufu kidogo.”

Nyota hupima huduma na vifaa vya hoteli. Hazikuambii steji iko wapi. Gesti nyingi za bei yetu hazina hata moja.

“Ukienda Mombasa ulale ufuoni, la sivyo hujaenda.”

Uongo. Ukilala kisiwani, Fort Jesus na Mji wa Kale viko karibu, na kuogelea kunawezekana kwa matatu ya kwenda ufuo wa umma wa Jomo Kenyatta, ambao hauna kiingilio. Lakini kama mmeamua ufuo, kumbukeni kwamba basi linalopitia Hola, Garsen na Malindi hupita Mtwapa na Bamburi kabla ya kuvuka daraja la Nyali. Shukeni hukohuko. Kuna familia hupitiliza hadi Mwembe Tayari, kisiwani, kisha hulipa nauli kurudi zilikotoka.

Kuhusu ufuo wa Diani, ulio kusini ng'ambo ya maji, kivuko cha Likoni ni bure kwa waendao kwa miguu, ila foleni yake pamoja na masanduku na watoto watatu ni kazi ya mchana. Msimu wa masika hoteli kadhaa za pwani hupunguza bei. Desemba, usitarajie huruma. Beba kitambulisho uulize bei ya wananchi, maana bei iliyobandikwa huenda ni ya watalii.

“Mgeni wa Garissa anaweza kulala Madogo, ni daraja tu.”

Hili huulizwa na wanaokuja kwetu, na jibu linategemea mto. Siku za kawaida, ni kweli. Lakini mvua za Novemba 2023, na tena Aprili na Mei 2024, zilipofurisha Tana, maji yalikata barabara upande wetu, pale Mororo, na watu wakavushwa kwa boti. Mwishoni mwa Aprili 2024 boti moja ilizama na watu wakafa. Mabwawa ya juu, Masinga yakiwamo, yakijaa na kumwaga, maji hutufikia huku hata kama kwetu hakujanyesha. Kwa hiyo ukisikia onyo la mafuriko na una miadi Garissa, lala Garissa, na mizigo yote iwe upande huohuo.