Kamiriithu: Jukwaa Lililojengwa na Wanakijiji

Watu wengi hudhani ya kwamba mchezo wa kuigiza ni kazi ya wasomi wa mjini, na kwamba mkulima na mfanya kazi hawana sehemu humo ila kukata tikiti na kukaa kitini. Dhana hiyo ilipata jibu lake katika kijiji cha Kamiriithu, huko Limuru nchini Kenya, mwendo wa kilomita 30 hivi kutoka Nairobi; na jibu lenyewe liliwagharimu sana walioitoa kazi hiyo.

Yafaa kwanza kujua jinsi kijiji hicho kilivyozaliwa. Kamiriithu ni kimoja katika vile vijiji ambavyo Serikali ya kikoloni iliwakusanya watu kwa nguvu wakati wa Hali ya Hatari, katika miaka ya 1950, ili wasipate njia ya kuwalisha wapiganaji wa Mau Mau msituni. Uhuru ulipatikana mwaka 1963, na kijiji kikabaki. Wakazi wake walikuwa vibarua wa mashamba ya chai, wafanya kazi wa kiwanda cha viatu cha Bata, wachuuzi, na watu wengi wasio na kazi. Palikuwa na ekari 4 zilizotengwa kwa kituo cha vijana, na juu yake banda la udongo la vyumba 4, lililokuwa likielekea kuanguka. Sehemu iliyobaki ilikuwa majani matupu.

Mwanamke mmoja wa kijiji hicho alikuwa akimwendea Ngũgĩ wa Thiong'o, mwandishi na mwalimu wa Chuo Kikuu cha Nairobi, Jumapili baada ya Jumapili, akimtaka yeye na wenzake walete kijijini elimu waliyoipata. Hivyo ndivyo kisomo cha watu wazima kilivyoanza mwaka 1976, kikiongozwa na Ngũgĩ wa Mirii. Wanafunzi hao ndio waliotaka mchezo, na hao Ngũgĩ wawili wakaombwa kuandika rasimu. Ikaandikwa kwa lugha ya Kikuyu, ikaitwa Ngaahika Ndeenda, yaani Nitaolewa Nikipenda. Habari yake ni ya kibarua Kĩgũũnda, ambaye mali yake yote ni ekari moja na nusu, na hati yake ameitundika ukutani. Tajiri Kĩoi anamrubuni aiweke rehani benki apate fedha za kufunga ndoa ya kanisani, na mwisho shamba linapotea.

Hapa ndipo penye utamu wa habari hii. Rasimu iliposomwa mbele ya wanakijiji, waliichambua. Vibarua na watu wa kiwandani walitaka hesabu ya mishahara iwe sahihi, kwani karatasi za mishahara walikuwa nazo mifukoni. Wazee walionyesha jinsi mtu wa rika fulani anavyosimama na anavyosema mbele ya wakubwa. Bibi mmoja mzee, asiyejua kusoma, ndiye aliyefundisha maneno na mpangilio wa nyimbo za Gĩtiiro za arusi. Waigizaji walichaguliwa hadharani, na mazoezi, chini ya uongozi wa Kimani Gecau, yalifanyika uwanjani jioni za Jumamosi na Jumapili, ili kazi na ibada zisivurugwe. Aliyepita njiani alisimama, akatazama, akakosoa. Hata siku ya kufungua ilipofika, wengi kijijini walikuwa wamekwisha kuyajua maneno kwa moyo.

Na jukwaa je? Walilijenga wenyewe: kilima cha udongo cha nusu duara, ukuta wa mianzi nyuma yake, na mabenchi marefu ya mbao yaliyopandana kama ngazi, ya kutosha watu 2,000. Paa halikuwapo.

Mchezo ulifunguliwa tarehe 2 Oktoba, 1977. Watu walikuja kwa mabasi na matatu za kukodi kutoka mbali. Jumapili moja mvua ilikatiza onyesho mara 3. Watu walikimbilia mahali pa kujikinga, na ilipoanuka wakarudi kukaa palepale. Mimi naona ushahidi huo unashinda sifa zozote za wahakiki. Ukikisoma kitabu peke yako chumbani, huenda ukaona hotuba zake ni ndefu na matajiri wake wabaya mno kuliko binadamu. Lakini hotuba hizo zilikuwa zikisemwa na watu waliokuwa wakirudi kwa Kĩoi wao Jumatatu asubuhi.

Tarehe 16 Novemba, 1977, leseni ilifutwa. Mwisho wa Desemba Ngũgĩ wa Thiong'o alikamatwa, akawekwa kizuizini Kamiti bila kushtakiwa hadi Desemba 1978. Lakini angalia neno hili: mwaka 1980 mchezo uleule ulipigwa chapa na kuuzwa madukani. Maneno hayakuwa marufuku. Kilichokatazwa ni watu wa Kamiriithu kuyasema kwa pamoja mbele ya wenzao.

Hawakukata tamaa. Walitayarisha mchezo wa pili, Maitũ Njugĩra, wa enzi ya kipande na kazi za kulazimishwa chini ya mkoloni, wenye nyimbo zaidi ya 80 katika lugha mbalimbali za Kenya. Walikusudia kuuonyesha kwenye Ukumbi wa Taifa jijini Nairobi mwezi wa Februari, 1982. Walipofika waliikuta milango imefungwa. Wakauendeleza kwa jina la mazoezi katika ukumbi wa Chuo Kikuu, na maelfu ya watu wakaja kutazama mazoezi hayo, mpaka nayo yakakatazwa. Tarehe 11 Machi, 1982, leseni ya kituo ilifutwa. Kesho yake polisi walikuja na malori 3 wakaubomoa uwanja wa maigizo.

Ngũgĩ wa Mirii na Kimani Gecau walikimbilia Zimbabwe, wakaendelea huko na kazi ya michezo ya vijijini. Ngũgĩ wa Mirii alifariki Harare mwaka 2008. Ngũgĩ wa Thiong'o, baada ya miaka mingi ugenini, alifariki Marekani mwezi wa Mei, 2025. Penye jukwaa la Kamiriithu pamejengwa chuo cha ufundi. Ngaahika Ndeenda ulirudi jukwaani mwaka 2022, ukichezwa na waigizaji wa mjini, katika Ukumbi wa Taifa uleule ambao milango yake ilifungwa mbele ya wanakijiji miaka 40 kabla.