Vibao vya Yoshida na Mwanga wa Milimani

Mwaka 1926 mchoraji wa Kijapani Hiroshi Yoshida alitoa chapa, yaani picha inayochapwa kwa vibao vya mbao vilivyochongwa, ya mashua za matanga katika Bahari ya Seto, iliyo katikati ya visiwa vikubwa vya Japani. Hakuishia hapo. Kwa vibao vilevile alibadilisha rangi na kuchapa upya, hata mandhari moja ikazaa picha sita: asubuhi, kabla ya adhuhuri, alasiri, ukungu, jioni na usiku. Asubuhi maji yanang'aa kwa rangi ya dhahabu. Kwenye ukungu tanga linafifia kama linataka kutoweka. Usiku kila kitu kimezama katika buluu iliyokoza. Mtu aliyekulia Lamu au Mafia, aliyezoea kuliona jahazi lilelile alfajiri na magharibi, atatambua upesi kwamba Yoshida alikuwa akichora saa za siku, na mashua zilikuwa kisingizio.

Macho ya kuona hivyo aliyapata nje, kwa miguu. Yoshida alizaliwa mwaka 1876 katika mji wa Kurume, kisiwa cha Kyushu, akaondokea kuwa mtu wa milima. Majira ya kiangazi alipanda Alps za Japani, safu iliyo katikati ya kisiwa cha Honshu ambayo vilele vyake kadhaa hupita mita 3,000. Aliongozana na waongozaji wanaozijua njia, akalala kwenye mahema na vibanda vya wapandaji, akachora palepale. Wingu likikiziba kilele, alikaa akangoja. Mlima Hotaka aliupenda hata akamwita mwanawe Hodaka kwa ajili yake, na mwaka 1931 alichapisha kitabu kuhusu uzuri wa milima mirefu.

Hata hivyo, chapa hazikuwa kazi yake ya kwanza. Alijifunza rangi za maji na za mafuta kwa mtindo wa Ulaya, na mwaka 1899 alisafiri na rafiki yake hadi Marekani, ambako picha zake za rangi za maji zilipata wanunuzi Detroit na Boston. Kwenye chapa aliingia mwaka 1920, akifanya kazi na mchapishaji Shozaburo Watanabe wa Tokyo. Miaka mitatu baadaye, Septemba 1923, tetemeko kubwa la ardhi liliiangusha Tokyo, moto ukafuata, na vibao vyake vikateketea pamoja na ghala la Watanabe. Yoshida alichukua picha zilizosalia, zake na za wenzake, akavuka bahari kwenda kuziuza. Huko Marekani aligundua kwamba watu walikuwa na kiu zaidi ya chapa za Kijapani kuliko ya picha za mafuta. Aliporudi mwaka 1925, akiwa na miaka 49, alifungua karakana yake mwenyewe.

Kazi ya karakana hiyo inastahili kuelezwa taratibu. Kwanza mchoro hubandikwa juu ya ubao wa mti wa cheri, mbao ngumu yenye nyuzi laini, kisha mchongaji huondoa kwa patasi kila sehemu isiyotakiwa kushika rangi. Kinachobaki kimeinuka ni mistari ya picha. Baada ya hapo huchongwa vibao vingine kwa ajili ya rangi mbalimbali. Rangi huchanganywa na maji, hupakwa kwa brashi pamoja na wanga wa mchele ili ishike vizuri, kisha karatasi yenye unyevu, iliyotengenezwa kwa nyuzi za gome la mforosadi, hulazwa juu yake. Mchapaji huisugua kwa nyuma akitumia kifaa cha duara kilichofungwa kwa ganda la mwanzi. Kila ubao una alama mbili zilizochongwa pembeni. Karatasi isipokaa sawasawa kwenye alama hizo, anga litaingia ndani ya mlima.

Mapambazuko yale yanayotoka kwenye waridi na kupotea ndani ya kijivu hayachongwi. Mchapaji huyapaka kwa mkono kwenye ubao, upande mmoja rangi nyingi na upande mwingine maji, na lazima arudie hivyo hivyo kwa kila nakala. Chapa nyingi za zamani zilitumia rangi chache, lakini Yoshida alipitisha karatasi moja kwenye vibao mara nyingi, rangi nyembamba juu ya rangi nyembamba. Picha yake ya Yomei, lango la hekalu nchini Japani, ya mwaka 1937, inatajwa kuwa ilipita mara 96. Ukiangalia theluji katika mandhari yake kumi na mbili ya Alps za Japani za mwaka 1926, utaona kwamba haijaachwa kuwa nyeupe tupu. Ina zambarau, ina kijani cha mbali, ina joto la jua la jioni.

Kwa desturi ya zamani, mchoraji alikabidhi mchoro wake, na mchongaji, mchapaji na mchapishaji wakamaliza yaliyosalia. Yoshida aliwaajiri mafundi hodari, lakini alijifunza kazi zao zote na kuwasimamia kwa karibu. Nakala alizoridhika nazo ziligongwa pembeni muhuri unaosema kwamba amezichapa mwenyewe. Ukali huo una sababu. Aliyeuona mwanga ule kileleni ni yeye, na fundi aliyebaki Tokyo hangeweza kuubashiri.

Alifariki mwaka 1950, na nyumba yake iliendelea na kazi. Mkewe Fujio, naye mwenyewe mchoraji, alitoa chapa za maua yaliyotazamwa kwa ukaribu mno. Hodaka akageukia picha zisizofuata maumbo ya kawaida.

Anayetuhusu zaidi huku kwetu ni mwana mkubwa, Toshi. Mguu wake mmoja ulipooza utotoni, na mtoto huyo akatumia muda mwingi kutazama wanyama na kuwachora. Ukubwani alifika Afrika, akawafuata simba, tembo na vifaru wa mbugani kama baba yake alivyovifuata vilele, na kutokana na michoro hiyo akatengeneza chapa na vitabu vya watoto. Kimojawapo, kilichotoka kwa Kiingereza mwaka 1989, kinasimulia simba watatu wachanga wanaokwenda kuwinda peke yao kwa mara ya kwanza. Toshi alifariki mwaka 1995. Kazi zake zingefaa sana kutundikwa Arusha au Nairobi, mbele ya watu waliokwisha kuziona nyasi za mbugani zikibadilika rangi mvua inapokaribia, wapime wenyewe kama Mjapani huyu alizipatia.