Tumfuge Mbwa Gani? (Sehemu ya Tatu): Basenji au Kanaani

Baada ya mbwa wakubwa wa ulinzi tuliowazungumzia wiki iliyopita, leo tuwatazame wawili wa umbo la wastani: Basenji wa Kongo na mbwa wa Kanaani. Wasomaji huuliza yupi ni bora. Kabla ya kujibu, mimi huuliza kwanza: nyumba yenu inahitaji mbwa wa kubweka, au mbwa mkimya?

Basenji ni mzaliwa wa misitu ya bonde la Kongo. Dume hufika sentimita 43 begani na uzito wa kilo 11 hivi. Masikio yamesimama, kipaji kimejaa mikunjo, na mkia umejiviringa kama kata juu ya kiuno. Habweki kama mbwa wengine, lakini si bubu: hutoa mlio wa kuimbaimba unaopanda na kushuka, na akiudhika hunguruma. Wawindaji walimvisha kengele ya mti shingoni ili wajue yuko wapi anapowaswaga wanyama kuelekea kwenye nyavu. Silika hiyo bado anayo. Akimwona kuku wa jirani, mwite utakavyo, hasikii. Ukuta mfupi anaukwea, na akiachwa peke yake kutwa nzima hutafuna viatu na makochi.

Kwa familia inayokaa ghorofani Nairobi au Dar es Salaam, ukimya wake ni neema, mradi yupo mtu wa kumtembeza asubuhi na jioni. Lakini mwenye kiwanja anayetaka kuamshwa mwizi anaporuka ukuta amwache.

Kuna jambo moja ambalo namsihi kila mnunuzi asilipuuze. Basenji wana ugonjwa wa kurithi wa figo uitwao Fankoni. Figo hushindwa kurudisha sukari na virutubisho vingine mwilini, vikapotelea kwenye mkojo. Mbwa hunywa maji kupita kiasi, hukojoa ovyo, hukonda, na mara nyingi dalili huanza akiwa na miaka 4 hadi 7, watoto wa nyumbani wakiwa wamekwisha kumzoea. Tangu 2011 kipo kipimo cha vinasaba kinachoonyesha kasoro yenyewe. Mtoto wa mbwa huugua akirithi kasoro hiyo kwa baba na kwa mama, hivyo dai majibu ya vipimo vya wazazi wote wawili; muuzaji asiyekuwa nayo, ondoka. Ukishamfuga, chovya kila mwezi kijiti cha kupimia sukari katika mkojo wake. Kikionyesha sukari, mpeleke kwa daktari wa mifugo upesi, kwa sababu ugonjwa ukigunduliwa mapema mbwa anaweza kuishi miaka mingi kwa dawa.

Mbwa wa Kanaani ni wa Mashariki ya Kati, na Mabedui walimtumia kulinda kambi na mifugo. Dk. Rudolphina Menzel, mtaalamu wa mbwa aliyehamia Palestina kutoka Austria katika miaka ya 1930, alihitaji mbwa wa ulinzi wanaostahimili jua na ukame wa huko. Aliwakusanya mbwa koko wa jangwani, akawafuga na kuwafunza, wengine hata kunusa mabomu yaliyofukiwa ardhini. Shirikisho la kimataifa la mbwa liliitambua aina hiyo mwaka 1966.

Huyu ana kilo 18 hadi 25, na hubweka hasa. Mgeni humzunguka kwa mbali akimpigia kelele, na hamzoei haraka. Ndiye ninayemchagua kwa nyumba yenye uwanja na geti. Azoeshwe watu akiwa bado mdogo, la sivyo hata shangazi aliyekuja kusalimia hatapita. Jua hulimudu, lakini anahitaji kivuli na maji mchana kutwa. Kumfungia bandani mpaka usiku ni kumtesa, na mbwa aliyeteswa hivyo huishia kumng'ata wa nyumbani.

Wiki ijayo: chanjo na kupe.