Presha ya Wazee wa Rusizi: Namba ya Juu Ina Kesi ya Kujibu

Mzee wa Kamembe, wilayani Rusizi nchini Rwanda, akipimwa presha akakutwa na 172 kwa 70, ni rahisi kumwambia kwamba huo ni uzee tu, na kwamba madhali namba ya chini ni nzuri, aende zake nyumbani. Maneno hayo yanatuliza roho, ila si ya kweli. Kwa mtu aliyevuka miaka 60, mwanya mpana kati ya namba hizo mbili mara nyingi ni dalili kwamba aota, mshipa mkuu utokao moyoni, umekakamaa, na anayeumia kwa ukakamavu huo ni moyo wenyewe.

Aota ya kijana hutanuka kila moyo unapodunda, ikahifadhi sehemu ya damu, kisha ikajirudi na kuisukuma mbele wakati moyo umepumzika. Kazi hiyo inategemea nyuzi za elastini, ambazo mwili huzitengeneza kwa wingi utotoni na hauwezi kuzifidia vizuri zikikatika. Miaka ikipita, mshipa huwa kama mpira wa manati ulioachwa juani: nyuzi hukatika, na kolajeni isiyonyumbuka hushika nafasi. Wimbi la mpigo, ambalo kwa kijana husafiri mita 5 au 6 kwa sekunde, sasa huweza kupita mita 10, likarudi mapema na kuukuta moyo ungali unasukuma. Namba ya juu inapanda, ya chini inashuka. Hapo ndipo penye hatari, kwa sababu misuli ya moyo, hasa ya upande wa kushoto, hupata sehemu kubwa ya damu yake moyo ukiwa umelegea, si ukiwa umekaza. Moyo unaongezewa mzigo huku ukipunguziwa chakula. Ikiwa mishipa yake ya koronari, ile inayoulisha damu, nayo imeanza kuzibwa na mafuta, kupanda mlima tu kunatosha kuleta maumivu ya kifua.

Yupo atakayesema hayo ni maradhi ya Ulaya, au ya matajiri wa Kigali. Hoja yake si ya kupuuzwa: hospitali za wilaya nchini Rwanda zimezoea zaidi moyo ulioharibiwa na homa ya baridi yabisi, au na presha yenyewe, kuliko mishipa ya koronari iliyoziba. Tena mwaka 1929 daktari Donnison aliandika kwamba wanaume wa Kavirondo Kusini, magharibi mwa Kenya, hawakupandwa na presha walipozeeka, bali ilielekea kushuka. Mtu anaweza kuutilia shaka umri aliowakadiria, au kuuliza kama njaa na maradhi havikuchangia. Lakini utafiti uliochapishwa mwaka 1990 uliwafuatilia Waluo waliohama vijijini kwenda Nairobi, na presha yao ilipanda ndani ya muda mfupi, pamoja na chumvi katika mkojo wao. Watu ni walewale, damu ni ileile. Kilichobadilika ni maisha. Kwa hiyo ushahidi huo haumhakikishii mtu wa Rusizi kinga yoyote. Unaonyesha kuwa kupanda kwa presha si lazima ya umri, na kwamba chumvi ni mshukiwa wa karibu, iwe ya kwenye sufuria au ya samaki waliokaushwa kwa chumvi.

Pingamizi zito zaidi hutoka kwa wahudumu wenyewe: dawa itakayoishusha namba ya juu itaishusha na ya chini, na moyo utakosa damu. Jaribio la SHEP la Marekani, mwaka 1991, liliwahusu watu 4,736 wenye miaka 60 na zaidi, wote wakiwa na namba ya juu ya 160 au zaidi na ya chini isiyofika 90. Waliotibiwa, wakianza na dawa rahisi ya kuongeza mkojo, walipata kiharusi pungufu kwa asilimia 36, na matukio ya koronari pungufu kwa asilimia 27. Jaribio jingine, HYVET, mwaka 2008, lilionyesha faida hata kwa waliotimiza miaka 80. Hata hivyo hofu ile haikuwa ya bure: uchambuzi wa baadaye wa SHEP uliona madhara kuongezeka kwa waliotibiwa ambao namba yao ya chini ilishuka mno. Basi dozi ianze ndogo, ipandishwe polepole, na mzee apimwe akiwa ameketi, kisha apimwe tena akiwa amesimama.