Gahmar, Kijiji cha Askari Kando ya Mto Ganga

Askari apatapo likizo huwa na maswali mawili moyoni: atafikaje kwao, na atawakuta wangapi. Wenzetu wa kijiji cha Gahmar, nchini India, wanayafahamu mno maswali hayo.

Gahmar kimo wilayani Ghazipur, katika jimbo la Uttar Pradesh, karibu na mpaka wa Bihar. Kimegawanyika katika mitaa 22, na mitaa mingi yaitwa kwa majina ya watu mashuhuri na askari wa zamani. Kibao cha ukumbusho kijijini hapo chaeleza kwamba watu 228 walikwenda katika Vita Kuu ya Kwanza, na 21 hawakurudi. Hadi leo ni nadra kuiona nyumba isiyo na askari, awe mstaafu au aliye kazini.

Je, wakazi wake ni wangapi? Hapa pana ubishi. Magazeti ya India hupenda kuandika kwamba wanazidi laki moja, na kukisifu kuwa miongoni mwa vijiji vikubwa kabisa vya Asia. Sensa ya mwaka 2011 ilipata watu 26,000 hivi. Chumvi ya wasimulizi imo, hatukatai. Lakini yafaa tukumbuke kwamba sensa humwandika mtu pale anapokaa. Aliye kambini huandikwa hukohuko kambini. Mama humhesabu mwanawe kila siku; karani anapobisha hodi, mwana huyo hayumo.

Nayo hesabu hiyo si ya kuwekwa kabatini tu. Mpango wa barabara za vijijini ulioanzishwa India mwezi Desemba 2000 uliweka kipimo: katika nchi tambarare, makazi yasiyo na barabara ya kupitika mwaka mzima yangejengewa iwapo yana watu 500 au zaidi, milimani na jangwani, 250. Wenye watu 490 walibaki na matope yao. Gahmar, kwa ukubwa wake, hakikuwa na haja ya kukihofu kipimo hicho.

Tena kina bahati ya stesheni yake yenyewe, katika njia kuu ya reli itokayo Patna kwenda Mughalsarai, ambayo garimoshi limekuwa likipita tangu miaka ya 1860. Hata hivyo, kupitiwa na reli ni jambo moja, na garimoshi kusimama ni jambo jingine, kama ajuavyo kila aliyewahi kulitazama behewa likimpita na sanduku lake mkononi. Hadi katikati ya miaka ya 1980 maofisa wa kuandikisha makuruti walikuwa wakija wenyewe kijijini. Tangu desturi hiyo iachwe, vijana ndio wasafirio kwenda Lucknow na miji mingine. Kabla ya safari hujizoeza kiwanjani alfajiri, wakikimbia mbio za mita 1,600 ambazo jeshi huzitumia kupimia pumzi zao.

Ndugu zetu polisi nao wasijione wamesahauliwa. Gopal Ram Gahmari, aliyejiongezea jina la kijiji hiki, alianzisha mwaka 1900 jarida la hadithi za upelelezi kwa Kihindi, nalo likapendwa sana.

Mwezi Juni 2022 serikali ya India ilibadili utaratibu: kuruti huchukuliwa kwa miaka minne, na katika kila wanne hubakizwa asiyezidi mmoja. Vijana wa kwanza wa jeshi la nchi kavu walianza mafunzo Januari 2023. Tarehe iliyotangazwa ya sensa ijayo ni 1 Machi 2027, wiki chache tu baada ya muda wao kwisha. Wale wasiobakizwa, ikiwa watarejea kwao moja kwa moja, karani atawakuta nyumbani kwa mama.